Mbao za Chombo Zatoka Shambani

Ndugu wanachama, huenda wengi wenu mtastaajabu kuona ya kuwa katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, baina ya kurasa za hesabu na kurasa za picha za maghala, zimetengwa kurasa chache kwa habari za vyombo vya baharini. Mkulima ana shamba lake na baharia ana bahari yake. Sisi watu wa ushirika tuna nini na majahazi? Swali hilo tuliulizwa katika kamati, tena kwa ukali kidogo, na jibu letu ndilo makala hii. Tunasema ya kuwa katika pwani hii yetu, toka Tanga hadi Pangani na kuvuka mto kushuka Ushongo, kila chombo kiundwacho ufukweni huanza shambani kwa mtu. Kamba yake ilikuwa nazi. Pamba iliyozibwa katika viungo vyake ilikuwa pamba ya mkulima. Na mbao zake, siku hizi, aghalabu ni mwembe uliopandwa na babu wa mwanachama fulani, ukauzwa ungali umesimama, kwa bei ambayo mwanachama mwenyewe haoni haya kuitaja kwa kuwa hajui ilikuwa ndogo kiasi gani.

Basi na tuanze na kamba, maana kamba ilimtangulia msumari.

Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyejua Kiyunani aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi. Jina lake halikuhifadhiwa, lakini kitabu chake kipo hadi leo, nacho huitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Humo ametaja mji wa mwisho wa biashara katika pwani ya Afrika ya Mashariki, akauita Rhapta, na akaeleza ya kuwa jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Kwa Kiyunani neno lenyewe lina maana ya kitu kilichoshonwa. Wataalamu hawajapatana juu ya mahali mji huo ulipokuwa. Wako wausemao kuwa ulikuwa karibu na mlango wa Mto Pangani, na wako waupelekao kusini hata Rufiji. Sisi tulio karibu na Mto Pangani bila shaka twapenda kauli ya kwanza, walakini mapenzi si ushahidi. Lililo hakika ni kwamba mgeni yule alipofika pwani hii, pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kasa aliyoyafuata, jambo lililomtia mshangao hata akaliandika ni uzi katika ubavu wa chombo.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu ya kushona. Alisema ya kuwa bahari hii ina miamba. Chombo kilichopigwa misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba hulegea kidogo kisivunjike. Yeyote aliyepata kupita katika miamba iliyo baina ya Ushongo na kisiwa cha Maziwe wakati wa maji kupwa ataelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Zilikuwako pia hadithi za mabaharia kwamba chini ya bahari mna mlima wa sumaku unyonyao misumari ya merikebu mpaka mbao zikaachana. Hadithi hiyo twaitaja kwa furaha tu. Ibn Battuta alikuwa na akili kuliko hadithi.

Kamba yenyewe haikupatikana kwa siku moja. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani katika mchanga au tope, maji ya bahari yakayaingia na kuyatoka kwa miezi, hata sehemu laini ikaoza na nyuzi zikabaki. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa magongo, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa na kusokotwa. Kazi hiyo ingali ikifanywa na wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, na aliyewaona wakiponda makumbi juani hatasema tena ya kuwa mtumba wa kamba ni kitu rahisi. Tupate kuelewa kiasi cha kamba kilichohitajika, tutazame jambo lililotokea Oman mwaka 1980. Huko msafiri Tim Severin aliunda chombo kikubwa cha kushonwa, mfano wa vyombo vya kale vya Waarabu, akakiita Sohar, akasafiri nacho kutoka Muscat hata Uchina, akafika mwaka 1981. Yasemwa ya kuwa kamba za nazi zilizotumika zilizidi kilomita 600. Mwanachama mwenye minazi hamsini na afanye hesabu mwenyewe.

Na namna ya kushona ni hivi. Fundi wa kale hakuanza na mbavu za chombo kama afanyavyo seremala wa nyumba anayeanza na nguzo. Aliulaza mkuku, akasimamisha fashini ya omo na ya tezi, kisha akaanza mara moja na mbao. Ubao wa kwanza ulikaa juu ya mkuku, ukingo kwa ukingo, haukupandana na mwenziwe hata kidogo. Katika kingo za mbao alitoboa matundu madogo kwa keekee, akaingiza vijiti vya mti mgumu ili ubao usiteleze mbele wala nyuma. Baada ya hapo alitoboa mstari wa matundu kila upande wa kiungo, akalaza juu ya kiungo utepe wa nyuzi za makumbi, akaupitisha uzi huku na huku akiukaza kwa nguvu zake zote. Tumbo lote la chombo lilipokwisha kushonwa ndipo mataruma yalipotiwa ndani, nayo yalifungwa kwa kamba vilevile. Ngozi ilitangulia mifupa. Kila tundu lilizibwa kwa kijiti, na katika vyombo vingine uzi ulioonekana nje ulikatwa kabisa usije ukaliwa na mchanga wakati chombo kinapoburutwa pwani.

Chombo mashuhuri kabisa cha namna hii katika pwani ya Waswahili kilikuwa mtepe, ulioundwa hasa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Ulikuwa na tanga la mkeka la pembe nne, si la pembetatu kama la jahazi, na omo yake ndefu iliyonyanyuka ilipambwa, watu wakaifananisha na shingo ya ngamia. Mitepe ilichukua boriti za mikoko kutoka Lamu hata Unguja. Walakini ilivuja, tena sana, na ndani yake hapakukosekana watu wa kukumba maji usiku na mchana. Tusiisifu kupita kiasi. Chombo kisichovunjika juu ya mwamba ni chema, na chombo kisichojaa maji ni chema pia, na mtepe ulikuwa nusu ya wema huo.

Sasa tuje kwenye msumari, na hapa historia inafika mlangoni mwetu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu tatu za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kaskazini. Moja yao, São Rafael, ilikwama alfajiri juu ya mafungu yaliyo mbele ya Mtangata, ambayo leo ni Tongoni, katika njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Maji yalipokupwa merikebu ikabaki kavu. Katika kitabu cha safari yao Wareno waliandika ya kuwa vyombo vidogo viwili viliwajia, kimoja kimejaa machungwa mazuri, mazuri kuliko ya kwao Ureno. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, wakaendelea na safari. Mwezi wa Januari mwaka 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, walipita tena mahali palepale. Wengi wao walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi waliitia nanga São Rafael, wakahamisha mizigo yake, wakaichoma moto. Walikaa hapo siku chache, na wenyeji wa Mtangata waliwaletea kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Sanamu ya mti ya malaika Rafael ilichukuliwa, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya bahari mjini Lisbon.

Tumelieleza jambo hilo kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wakulima wa machungwa wa Muheza na wafugaji wa kuku wa Tongoni wajue ya kuwa biashara yao na mabaharia ina umri wa zaidi ya miaka mia tano. Ya pili, ndani ya merikebu ile iliyoteketea katika maji yetu palikuwa na misumari na bolti za chuma zilizoshika mbao kwa namna ambayo fundi wa pwani hii hakuwa akiitumia. Hatusemi ya kuwa watu wa Mtangata waliokota misumari siku ile na kuacha kamba siku ya pili yake. Mabadiliko yalikwenda polepole, mitepe iliendelea kushonwa hata mwanzo wa karne ya ishirini, na mafundi wa Arabuni na Bara Hindi walikuwa walimu wetu wa msumari kuliko Wareno. Lugha yenyewe yashuhudia. Ubao, kamba na kushona ni maneno ya asili ya Kibantu. Bali msumari, kalafati na sitaha yametoka Kiarabu. Kitu kilikuja pamoja na jina lake, kama kawaida.

Msumari ulipokuja, mkulima alipungukiwa na soko moja na akapata jingine. Kamba ya kushonea haikuhitajika tena, lakini mti ulihitajika zaidi, kwa kuwa chombo cha misumari chataka mataruma mazito ya kupokea misumari hiyo. Mataruma hayapasuliwi katika gogo lililonyooka. Fundi huenda porini na shambani akitafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa kadiri aitakayo, mlilana katika mikoko, au mfenesi, au mkorosho. Twakumbuka fundi mmoja wa Ushongo aliyekuwa akitembea katika korosho za watu akitazama juu, hata wenye mashamba wakadhani anaiba. Kumbe alikuwa akisoma chombo chake katika matawi.

Mbao za ubavuni hukatwa katika mvule, au mbambakofi, au msaji, kwa aliye na fedha. Asiye na fedha hutumia mwembe. Ubao hujaribiwa mahali pake, hupunguzwa kwa tezo, hujaribiwa tena, hata ukingo wake ukalalana na ukingo wa chini yake pasipo mwanga kupenya. Karibu na omo, mahali ubao unapotakiwa kujipinda na kujisokota pamoja, hutumika maji na moto, kamba na kabari, na subira. Tundu hutobolewa kwa keekee kwanza ili ubao usipasuke, shingoni mwa msumari huzungushwa uzi wa pamba uliotiwa mafuta, ndipo hupigwa. Mbao zikiisha, kila kiungo huzibwa kalafati, yaani pamba iliyochovywa katika mafuta ya nazi na kushindiliwa kwa patasi butu. Nje, chini ya mstari wa maji, hupakwa shahamu na chokaa. Juu yake hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake hatuna haja ya kumweleza mtu wa Ushongo. Na wadudu watoboao mbao baharini wakiingia, chombo hulazwa ubavu wakati wa bamvua, kikapitishiwa moto wa makuti. Nazi tena.

Habari za sitaha ni fupi. Jahazi letu halifunikwi lote. Huwa na sitaha ndogo omoni na nyingine tezini, na katikati ni wazi ili shehena ishushwe na kupakiwa, nayo hufunikwa kwa makuti yaliyosukwa. Mbao za sitaha hazijipindi, hivyo ndizo afundishiwazo kijana wa kwanza.

Haifai kuacha kutaja katani, ijapokuwa habari zake ziko katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge iliyotoka Florida, Marekani; ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, upande uleule wa Ushongo. Kwa miche hiyo kamba ya nazi ilipata mshindani katika matanga na nanga pia, baada ya kwisha kushindwa na msumari katika mbao.

Hivyo kushona kulitoweka. Mtepe wa mwisho ulioundwa kwa ajili ya kazi ulipooza, hapakusalia hata mmoja wa kutazamwa. Ndipo ikaonekana faida ya kitu ambacho watu wazima hukidharau, yaani vyombo vidogo vya mfano. Katika makumbusho ya Lamu na ya nchi za nje imehifadhiwa mifano midogo ya mtepe, iliyoundwa zamani na mikono iliyojua. Mwaka 2003, watu wa Unguja walipotaka kuunda mtepe wa ukubwa kamili ndani ya Beit al-Ajaib, hawakuwa na chombo cha kale cha kupima. Walitegemea mifano ya namna hiyo, na picha, na maandishi machache, na wakafaulu, wakauita Shungwaya. Jumba lenyewe la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Chombo hupotea, na jumba huanguka. Mfano uliokaa katika sanduku la kioo Lamu ulidumu kuliko mtepe wowote uliofika Unguja na boriti.

Hilo ndilo lililotusukuma, katika kutayarisha sherehe hizi, tumwombe fundi mmoja wa Ushongo atuundie mfano wa jahazi kwa ajili ya ofisi. Wako wanachama waliosema ni upotevu wa fedha. Walitaka kinyago cha gogo moja kilichopakwa rangi, ambacho kingepatikana kwa siku tatu. Fundi alikataa. Alisema gogo lililochongwa si chombo, ni picha ya chombo, na kijana akilitazama hatajifunza isipokuwa rangi. Yeye ameunda kila kitu kwa namna yake ya haki: mkuku wa mti mmoja, fashini mbili, mataruma ya vitawi vya mkorosho vilivyojipinda vyenyewe, na mbao zisizozidi upana wa vidole viwili, zilizoloweshwa katika maji ya moto kabla ya kupindwa. Alipofika ubao wa tatu kutoka mkuku, upande wa omo, alivunja mbao nne mfululizo. Alizitupa bila neno akakata ya tano nyembamba zaidi. Alipoulizwa alijibu kwamba hata katika jahazi kubwa ubao wa mahali hapo ndio umwoneshao nani fundi na nani mpiga misumari.

Mbao zote za mfano huo zimetoka katika tawi moja la mwembe, na hapa ndipo kamati ilipoanza kusikiliza. Katibu wa chama kimoja cha msingi alimwuliza fundi ni miembe mingapi huingia katika mashua moja ya kawaida. Fundi hakutoa hesabu. Alisema hutegemea mti. Lakini aliwaeleza bei anunuayo mbao kwa wapasuaji, na wanachama wawili waliokuwa wamekwisha kuuza miembe yao waliangaliana. Mti ule ulipotoka shambani uliitwa kuni nene. Ulipofika pwani uliitwa mbao. Baina ya majina hayo mawili ndimo ilimopotea sehemu kubwa ya fedha.

Ubishi uliofuata haukuwa mdogo. Mzee mmoja alisema miembe ya kale isiuzwe kabisa, kwa maana mwembe mkubwa hulisha nyumba nzima wakati wa kiangazi na kivuli chake ndicho baraza. Mwingine alimjibu kwa heshima, "Baba, mwembe usiozaa tena hulisha nini?" Vijana walisema boti za plastiki zitamaliza ugomvi huu, na kweli mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo kilichoitwa Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa pwani na kupambwa kwa kandambili mbovu, kikasafiri hata Unguja mwaka 2019. Lakini hata hicho kiliundwa na mafundi waliojua kupiga mbao, maana mbao za plastiki nazo hukatwa, hupindwa na kupigwa kama za mti. Asiyejua ubao hataijua plastiki.

Kamati iliamua mambo haya. Mwanachama atakaye kuuza mwembe au mti mwingine wa mbao atauleta kwanza katika chama chake cha msingi upimwe, na mnunuzi ataelewana na chama, si na mtu mmoja mmoja chini ya mti. Kibali cha kuvuna kitafuatwa kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iamuruvyo, na mikoko haitaguswa bila ruhusa. Anayekata mmoja atapanda miwili, na miche itatoka katika kitalu cha Chama Kikuu. Kuhusu msaji, shauri limeahirishwa mpaka mkutano mkuu ujao, kwa kuwa waliotaka kupanda walikuwa wengi na wenye ardhi ya kupandia walikuwa wachache.

Mfano wa jahazi uko ofisini, juu ya meza iliyo karibu na kasha la fedha, na mwanachama yeyote aweza kuutazama siku za kazi. Upande wa kulia umekwisha mbao zote na kalafati. Upande wa kushoto fundi ameacha mbao tatu bila kuzipiga, ili mataruma yaonekane, na amesema hatazipiga yeye. Zitapigwa na vijana atakaowafundisha. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa nne. Hadi kijitabu hiki kinapelekwa kwa mpiga chapa wamejiandikisha wawili, mmoja wa Ushongo na mmoja wa Kipumbwi.